Tua Nikutwishe

Tobias Bundala alikwenda stesheni ya Tura kununua chumvi, akarudi na chumvi na mbwa. Chumvi ilikuwa imemwishia. Mbwa je? Aliyemuuliza alijibiwa kwa mkato, maana mzee huyu tangu ujanani hakupenda kuulizwaulizwa.

Sababu alikuwa nayo, ila haikuwa ya kumwambia mtu njiani. Mkewe, Marcelina, alifariki masika iliyopita, na tangu siku hiyo nyumba ilimtisha. Si kwamba aliona vitu. Kilichomtisha ni ukimya. Mtu aliyebeba pembe za ndovu kutoka Ujiji mpaka pwani, aliyebeba masanduku ya risasi wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza, leo anaogopa kuingia nyumbani kwake jua likizama! Alikaa nje kwenye kigoda mpaka baridi imfukuze, ndipo aingie, alale, na aamke amechoka kuliko alivyolala.

Siku ile Tura alimkuta mbwa amefungwa nyuma ya duka la Humaidi. Humaidi alikuwa Mwarabu wa Tabora, babu zake walitoka Omani, na yeye na Tobias walifahamiana tangu enzi za misafara, reli haijafika.

"Huyo kaachwa," Humaidi alimwambia. "Mzungu mmoja mtafuta dhahabu katoka porini na wapagazi wake, kapanda treni, kamwacha hapo hapo. Ati ana kichaa. Mimi kumgusa siwezi, dini yangu unaijua, lakini ni kiumbe wa Mungu, nitamwachaje afe njaa mlangoni pangu? Namtupia mifupa kwa mbali. Kesho anakuja mtu wa bunduki."

Alikuwa jike, bado mdogo, hajatimiza hata mwaka. Rangi ya udongo, mbavu nje, sikio moja limechanika, na shingoni kidonda cha kamba. Tobias alichuchumaa. Mbwa akamnusa vidole, akavilamba.

"Kichaa gani hiki?" Tobias alisema. "Nipe hiyo kamba."

"Mzee mwenzangu, umesikia nilivyokwambia?"

"Nimesikia. Sasa nipe kamba."

Kutoka Tura hadi kijijini kwake ni mwendo wa nusu siku kwa ile njia ya zamani ya misafara, katikati ya miyombo. Tobias aliingia dukani akajitwika mfuko wa chumvi, akatoka akashika kamba, na hapo ndipo alipoyaona. Mbwa aliyekuwa akimlamba vidole sasa hivi alijitupa chini, akapiga ukelele, akavuta nyuma macho yamemtoka. Kisha akageuka akamrukia, akaachia, akavuta tena. Njia nzima ilikuwa ni hiyo. Tobias alimburura, akamtukana, akamwomba, akamburura tena. Mtu mwingine angeutua mzigo akapumzika, akatazama mambo yanakwendaje. Yeye wapi! Wapagazi wa zamani walikuwa na mwiko wao: mzigo hautuliwi mpaka kambini. Anayetua njiani ni mtoto, au ni mgonjwa, na usiku kambini ataimbwa mpaka aone haya. Miaka thelathini Tobias hakuwahi kuimbwa. Alifika nyumbani jioni shingo imekakamaa, akautua mfuko mlangoni, na mbwa papo hapo akanyamaza, akajilaza miguuni pake. Mzee hakulitilia maanani jambo hilo, kwa jinsi alivyokuwa hoi.

Alimpa jina Watachoka. Kwa wenyeji wa huko jina la mbwa ni barua kwa majirani, ukimwita mbwa wako wanaohusika wanasikia. Wale waliosema mzee kawehuka tangu afiwe, kaokota mbwa wa kichaa, watasema weee, watachoka.

Nyumbani mbwa alikuwa mpole ajabu. Alikula ugali wa mtama, alikula michembe ya viazi vitamu, alilala kizingitini akikoroma kama mtu mzima. Tobias alianza kuingia ndani mapema. Alianza hata kuzungumza, kwanza na mbwa, halafu, kwa kupitia kwa mbwa, na Marcelina. Mungu amsamehe, alikuwa na furaha kidogo.

Lakini akipita mtu na mzigo kichwani, tobaa! Mwenye kuni, mwenye debe, mwenye kapu la mihogo, wote walikuwa adui. Na katika nchi ile nani hapiti na mzigo kichwani? Wanawake walianza kuzunguka mbali. Wiki ya tatu kamba ilikatika, na Watachoka akamvamia Eustadia, jirani wa nyumba ya pili, aliyekuwa anatoka kisimani na mtungi umejaa. Mtungi ulivunjika vipande vipande, naye akaumwa shavu la mguu, damu ikachanganyika na maji.

Eustadia hakuwa mtu wa makelele. Alikuwa rafiki wa Marcelina, miaka yote walikwenda kisimani pamoja. Alijifunga kitambaa mguuni, akamtazama Tobias, akasema, "Baba, mbwa huyu atakuja kuua mtoto wa mtu." Kisha akachechemea kwake.

Maneno hayo yalimchoma Tobias kuliko angetukanwa. Mwanangwa, ndiye mkuu wa kijiji, alikaa baraza kesho yake, na shauri halikuwa refu: mbwa apigwe risasi. Tobias alisimama, mtu asiyewahi kuomba kitu barazani, akaomba.

"Nipeni siku kumi. Nitamfunza."

"Utamfunza nini, mzee? Hiki ni kichaa."

"Kichaa hakilambi mkono wa mtu. Siku kumi tu. Sina kingine pale nyumbani."

Wakampa siku kumi. Siku ya kumi na moja asubuhi, mwanangwa alisema, Masolwa, tarishi wa baraza, atakuja na gobore lake.

Sasa ona ujinga wa mpagazi. Tobias alijua njia moja tu ya kumzoesha kiumbe mzigo, ile aliyozoeshwa yeye. Kijana mgeni katika msafara hakubembelezwa: alitwishwa siku ya kwanza, akalia, akatwishwa ya pili, mpaka shingo ikakubali. Basi alimfunga Watachoka kwenye nguzo ya kibanda, akajitwika ule mfuko wa chumvi ndani ya nyumba, akatoka, akawa anapita mbele yake asubuhi na jioni, kwenda na kurudi, akiimba nyimbo za safari kwa sauti iliyopasuka. Mbwa alibweka mpaka sauti ikamkauka. Siku ya pili alijikojolea. Siku ya tatu aliacha kula. Siku ya nne aliitafuna kamba hadi fizi zikatoka damu, na Tobias akawa bado anapita, bado anaimba, huku machozi yanamlengalenga na hasira zimempanda, maana alijua kabisa kwamba anamharibu, ila hakujua la kufanya badala yake.

Siku ya tano mgongo ulikataa. Alikuwa katikati ya uwanja, mfuko kichwani, kiuno kikamkaza asiweze kwenda mbele wala nyuma. Akasimama. Akahema. Akasema, "Basi, nimechoka," na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Tobias Bundala akautua mzigo njiani. Akaukalia, uso kwenye viganja. Waimbe wanaotaka kuimba.

Palikuwa kimya. Alipoinua uso, Watachoka amelala kimya, mkia unapiga vumbi polepole, anamtazama usoni. Tobias hakuamini. Akainuka kwa taabu, akanyanyua mfuko mpaka kifuani: mbwa akainua masikio tu. Akaufikisha kichwani: mbwa akaanza kunguruma. Akaushusha: kimya. Akaupandisha tena taratibu, mbwa akifuata kwa macho kila hatua, na safari hii alinung'unika tu, hakuruka.

"Lo!" mzee alisema. "Kumbe hunioni! Kumbe nikikujia nimekwisha kujitwika, hujui kuwa ni mimi!"

Alikumbuka wapagazi wa yule mtafuta dhahabu. Alikumbuka wapagazi wote aliowahi kuwajua, naye akiwemo, shingo ngumu, macho mbele, teke kwa chochote kilicho njiani kwa sababu huwezi kuinama ukaangalia ni nini. Hakuhitaji mtu wa kumweleza zaidi ya hapo. Mbwa huyu alitakiwa aone mtu ametua, amnuse, kisha auone mzigo ukipanda.

Lakini mambo hayo yanaombwa vipi? Mtungi uliojaa ukiutua chini huwezi kuurudisha kichwani peke yako, labda uumwage nusu. Lazima akutwishe mwenzio. Kwa hiyo siku ya sita alfajiri Tobias alimchukua mbwa kwa kamba mbili, akaenda kukaa penye njia ya kisimani, na wanawake walipokuja akasimama, akavua kofia.

"Mwangaluka, mama zangu. Nawaombeni mtue hapa, mbwa awanuse. Halafu nitawatwisha mimi, mmoja mmoja."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga maji. Mpagazi mzima, aliyefika pwani mara ngapi sijui, atatwisha wanawake maji! "Babu, na sisi tukulipe posho?" "Na ngoma ya msafara atapiga nani?" Eustadia naye alikuwepo, nyuma yao, mguu umefungwa, mtungi wa kuazima kichwani. Yeye hakucheka.

"Baba," alisema, "marehemu Marcelina ulimtwisha mara ngapi?"

Waliokuwa wanacheka wakageuka kumtazama.

"Mimi ndiye nilikuwa namtwisha," Eustadia aliendelea, bila ukali wowote. "Na siku nikiwa na mtoto mgonjwa sikwenda kisimani, alikuwa anajitwisha pale." Akaonyesha kwa kidole kichuguu kilichokuwa kando ya njia. "Anaupandisha juu yake, anachutama, anauingiza kichwa chini. Siku nyingine unamtoka. Umepita hapa miaka mingapi, hukuona?" Akageuka, akashika njia ya mzunguko, ile ndefu, na mguu wake mbovu.

Tobias alikitazama kichuguu. Juu palikuwa pamelika, pamekuwa bakuli laini, la ukubwa wa kitako cha mtungi. Alikuwa amepita hapo mara elfu, mikono mitupu, wakati mwingine akiwa na mkewe nyuma yake. Hakuwahi kujiuliza nani kakichonga. Aliona aibu, na hakuwa na wa kumwomba radhi.

"Mimi nitatua," alisema mwanamke mmoja kwa sauti ya chini, akatua.

Ndivyo kazi ilivyoanza. Asubuhi na jioni, siku tano. Mwanamke anatua kwenye kichuguu, mbwa anatetemeka, ananusa vidole, ananusa pindo la kanga, Tobias anainama, mtungi juu, mbwa anautazama ukipanda, mwanamke anaondoka. Wanawake ishirini na kitu. Madebe, mitungi, mafungu ya kuni. Mgongo wa Tobias ulikuwa unawaka moto. Usiku alilala kifudifudi, na Watachoka alilala akiwa ameuweka utosi kwenye unyayo wake. Siku ya nane mbwa aliacha kubwekea madebe. Siku ya tisa alipitwa na mwenye kuni akanguruma tu. Wanawake nao walikwisha kuzoea, wakifika wanamwita, "We Watachoka, njoo uninuse niende zangu, mume hajala!" Eustadia hakupita. Kila siku walimwona kwa mbali kwenye njia ya mzunguko, anachechemea.

Siku ya kumi ilipita. Usiku wake Tobias hakula. Alijua mbwa hajapona. Amepungua, ndiyo, lakini akitokewa ghafla na mtu mwenye mzigo bado anaweza kuruka, na Masolwa hatakuja kutazama kupungua.

Masolwa alimkuta penye njia ya kisimani jua linachomoza, gobore begani, kijana mpole asiyeipenda kazi hiyo hata kidogo. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nimeambiwa nimpime kwanza. Apite mtu na mzigo. Akitulia, sawa. Akileta vurugu, mzee wangu, unisamehe."

Wanawake wanne walikuwa wamekwisha kusimama njiani, wametua, wanangoja zamu yao. Tobias alikuwa anatafuta kwa macho ni nani ambaye mbwa amemzoea zaidi, apite yeye, alipomwona Eustadia anatoka kisimani. Ameiacha njia yake ya mzunguko. Anakuja hii hii, mtungi kichwani, moja kwa moja. Kati ya watu wote, huyu!

Watachoka alisimama. Manyoya ya shingo yakasimama naye. Alianza kunguruma, halafu kubweka, kamba zikakaza mikononi mwa Tobias mpaka zikamchana. Masolwa akaliteremsha gobore begani, akalielekeza.

Eustadia alikuwa amebakiza hatua sita. Alimtazama mbwa, akautazama mguu wake mwenyewe. Ungemwuliza mtu yeyote pale, angesema ana haki ya kuendelea kutembea. Yeye akakata pembeni, akaenda kwenye kichuguu cha Marcelina, akautua mtungi. Kisha akanyoosha mkono mtupu.

Mbwa akanyamaza, kama aliyezibwa mdomo. Akasogea tumbo chini. Akanusa mkono, akanusa kidonda, akaketi.

"Hapana, mama Justus," Masolwa alimwambia Eustadia, akajikuna kidevu. "Huko si kupita. Wewe umetua. Sheria haisemi kila mtu atue."

Na kweli, hakuwa amekosea. Tobias alichoweza ni kushika kamba.

"Sawa," Eustadia alisema. "Basi nitwishe, nipite."

Tobias akainama kuushika mtungi, kiuno kikamkatalia, akabaki ameinama.

"Sikukwambia wewe, baba. Wewe umechoka. Namwambia Masolwa. Masolwa, nitwishe."

Kwa watu wale jambo hilo halina mjadala. Hata adui yako akikuambia nitwishe, unamtwisha. Anayemnyima mwenziwe, wanasema, siku ya jeneza lake wachukuzi watapungua. Masolwa alitazama mtungi, akatazama gobore. Gobore halitwishi mtu. Akalilaza chini kwenye majani, akaja, akashika upande wake, Eustadia akachutama, na mtungi ukapanda mbele ya macho ya mbwa, kutoka kwenye kichuguu hadi kichwani. Watachoka alinyanyua shingo akaufuata mpaka juu. Eustadia akanyooka. Akapita karibu na pua yake, polepole, maji yakimdondokea begani.

Mbwa hakubweka. Alitetemeka mwili mzima, jamani, alitetemeka hata masharubu, lakini hakubweka.

Masolwa akainama kuchukua gobore lake.

"Masolwa," akasema mwanamke wa kwanza kati ya wale wanne, "nitwishe na mimi."

Akamtwisha. "Na mimi, kaka." Akamtwisha. "Na mimi, na debe langu hili ni zito, angalia mgongo." Wa nne hata hakusema, alimtazama tu. Alipomaliza jasho lilikuwa linamtiririka, na nyuma walikuwa wanakuja wengine kutoka kisimani, wanatua mmoja mmoja, wanangoja, wametulia kabisa.

"Hivi huyu mbwa anaitwa nani?" Masolwa aliuliza, anapumua.

"Watachoka."

"Amenishinda. Nimechoka." Akalichukua gobore, akalitupia begani. "Nitamwambia mwanangwa amepita mtu na mzigo, mbwa katulia. Si uongo. Lakini mfunge, mzee. Mfunge mpaka apone kabisa."

"Atachukua muda."

"Na wewe?"

"Na mimi pia," Tobias alisema.

Wote walipokwisha kuondoka, mzee alibaki peke yake na mbwa. Alifanya alilokuwa amelikimbia siku tano: aliweka kiganja kwenye lile bakuli juu ya kichuguu. Lilikuwa bado bichi kwa maji ya Eustadia. Akalia, wazi wazi, kwa sauti, mzee mzima. "Nisamehe, mke wangu. Nilikuwepo. Nilikuwepo siku zote." Watachoka alimlalia miguuni, akawa anamsikiliza.

Kesho yake alfajiri Tobias aliuondoa mtungi wa Marcelina pale ulipokuwa umefunikwa tangu msiba, akausafisha, akaenda kisimani. Mwanaume, na mtungi, machoni pa watu. Watakaoimba na waimbe. Eustadia ndiye aliyemtwisha kisimani, na mbwa akatazama kila kitu kwa makini. Kutoka kisimani hadi nyumbani si mbali, lakini alitua mara tatu njiani, na kila alipotua hakukosa mtu wa kumtwisha.